Kucha Nyeusi Baada ya Ngong: Usilaumu Kilima

Msomaji mmoja wa Rongai ameniandikia kwamba alipanda vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, Jumamosi akarudi salama, ila kufikia Jumatatu kucha za vidole gumba vya miguu zilikuwa nyeusi. Anauliza kama anunue buti za bei. Kwanza ajifunze kufunga kamba.

Kinachoumiza kucha ni kushuka. Ukivuka vilele vyote, kuanzia kwenye mitambo ya upepo kaskazini hadi Kona Baridi kusini, huwi umepanda mara moja ukamaliza. Ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote (mita 2,460), kinakungoja huko kusini magoti yakiwa yameshalegea. Kwenye kila mteremko mguu huteleza mbele ndani ya kiatu, kidole kikagonga ncha, damu ikavilia chini ya ukucha.

Kwa hiyo kisigino kisiachwe kicheze. Tazama kiatu chako: juu kabisa kuna kitundu kilichojitenga nyuma ya vingine, ambacho wengi hukiacha tupu wakidhani ni pambo. Ingiza kamba humo kutoka nje, upande uleule, usiivute yote, ibaki kitanzi kidogo. Fanya hivyo upande wa pili. Kisha kamba ya kushoto ipite kwenye kitanzi cha kulia, na ya kulia kwenye cha kushoto. Gonga kisigino chini mara mbili, vuta kamba kuelekea chini, ndipo ufunge. Kwenye vidole legeza, kwenye kifundo kaza. Kamba hulegea njiani, kwa hiyo kaza tena kabla ya kila mteremko mrefu.

Kucha kata siku mbili kabla, zinyooke, bila kuchimba pembeni. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Jaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba, na soksi utakazovaa siku hiyo.

Wanunuzi wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kunjeni soli kabla ya kulipa. Buti la mtumba lililokaa stoo miaka mingi hung'aa juu huku soli ikiwa imeoza ndani. Ikifanya nyufa au ikimeguka kwa ukucha, mrudishie muuzaji hata akipunguza bei mara tatu.

Mengine ni mepesi: matatu 111 hadi Ngong mjini, boda hadi langoni, simu yenye chaji kwa malipo ya kiingilio, lita 2 za maji. Upepo wa kule hukausha jasho, ukadhani huna kiu. Mvua ikinyesha usiku, ahirisha. Udongo ule hugandamana kwenye soli mpaka inakuwa laini kama sahani.

Na kucha zilizokwisha kuwa nyeusi usizing'oe. Zikipwita kwa maumivu, nenda kliniki watoboe damu itoke. Zisipouma, ziache zisukumwe na kucha mpya. Ya kidole gumba huchukua mwaka na zaidi.