Handhala: maana ya jina, walioitwa hivyo, na yaliyonipata mimi baada ya kumpa mwanangu

Mkuu, umeuliza kama Handhala ni jina la kumpa mtoto, maana shemeji yetu kaliona mtandaoni limeandikwa Hanzala, "maana yake bwawa la maji", huku mzee wako anasema ni jina la mti mchungu na hataki hata kulisikia. Kuhusu mti, mzee yuko sahihi. Kuhusu kutolisikia, tutazungumza. Mimi nina kijana wa miaka tisa anaitwa Handhala, na nimeshalitolea maelezo jina hili kwa mabibi, walimu, makarani na wakaguzi wa tiketi.

Bwawa lisahau. Kwa Kiarabu handhal ni mmea wa jangwani unaotambaa mchangani, ndugu wa tikiti maji, na handhala ni tunda lake moja. Mke wangu akiwa na mimba ya miezi mitano nilikwenda Oman kumtembelea ami yangu, nikamwambia jina ninalolifikiria. Hakusema kitu. Siku ya pili tuko njiani akasimamisha gari kando ya wadi, bonde la mto mkavu, akaniambia, "Shuka ukalione hilo jina lako." Mtambaa umelala juu ya mchanga mkavu, majani yamechanika kama ya tikiti, na matunda ya kadiri ya chungwa: mabichi yana michirizi ya kijani, yaliyoiva ya manjano. Ami akapasua moja kwa kisu. Ndani nyama nyeupe kama sponji, imejaa mbegu. "Gusisha ulimi tu, usimeze." Nikagusisha. Mkuu, shubiri tunayoijua sisi, ile wanayojipaka kina mama kumwachisha mtoto ziwa, ni asali mbele ya kile kitu. Nilitema mate mpaka tunaingia mjini, na ami anacheka tu. Akaniambia wazee waliitumia kama haluli, dawa ya kuharisha, kwa kipimo kidogo mno, kwani ikizidi inachuna utumbo. Usije ukajaribu.

Sasa mtu mzima na akili zake anampaje mwanawe jina hilo? Waarabu wa kale walipenda majina makali. Sakhr ni jabali, Harb ni vita, Kilab ni mbwa, Murra ni uchungu, na hao wawili wa mwisho wamo kwenye nasaba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, mababu zake. Husimuliwa kuwa bedui mmoja aliulizwa mbona watoto wenu mnawaita majina mabaya na watumwa wenu majina mazuri, akajibu: watoto tunawaita kwa ajili ya maadui zetu, watumwa kwa ajili yetu wenyewe. Miti nayo haikuachwa. Talha ni mti wa miiba, jamii ya mgunga. Alqama linatokana na uchungu huu huu wa handhal. Wangapi mtaani kwako wanaitwa Talha na hakuna aliyeuliza habari ya miiba? Na sisi wenyewe tuna kina Shida, Tabu na Mashaka, watu wazima wanaheshimika, wanaswalisha.

Lakini huku kwetu mtu hampi mwanawe Handhala kwa sababu ya tunda. Anampa kwa sababu ya Handhala bin Abi Amir wa Madina. Huyu alioa usiku wa kuamkia vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), bibi harusi akiwa Jamila, binti wa Abdullah bin Ubayy, yule kiongozi wa wanafiki. Ukaja mwito wa vita, akatoka kitandani mwa arusi moja kwa moja bila kuoga janaba, yaani josho la baada ya tendo la ndoa. Uwanjani alikaribia kummaliza Abu Sufyan, kiongozi wa Makureshi wa Makka waliokuwa wakipigana na Waislamu, akawahiwa na mtu mwingine akauawa. Mtume akasema ameona malaika wanamwosha. Alipoulizwa mkewe kulikoni, akasema alitoka na janaba. Tangu hapo lakabu yake ni Ghasil al-Malaika, aliyeoshwa na malaika. Nawe angalia alivyozungukwa: mkwe kiongozi wa wanafiki, na baba yake mzazi, Abu Amir, siku ileile alikuwa upande wa pili pamoja na Makureshi. Abu Sufyan naye alikuwa na mtoto aitwaye Handhala, aliyeuawa kwenye vita vya Badr vilivyotangulia, ndiyo maana akasema siku ile, "Handhala kwa Handhala." Yule wa Madina aliacha mimba; mtoto aliyezaliwa, Abdullah, ndiye aliyewaongoza watu wa Madina kwenye vita vya Harra mwaka 683, akafia hapohapo.

Mke wangu, lakini, alishawishika na Handhala mwingine, al-Usaydi, mmoja wa waandishi wa Mtume. Huyu alikutana na Abu Bakr akamwambia, "Handhala amekuwa mnafiki!" Kisa? Akiwa mbele ya Mtume moyo unalainika kana kwamba anaiona pepo na moto kwa macho, akirudi nyumbani kwa mke, watoto na mashamba anasahau mengi. Abu Bakr akasema hata mimi napatwa na hayo, wakaenda wote kwa Mtume. Jibu alilopewa ni kwamba mambo ni saa na saa, saa ya ibada na saa ya mambo ya nyumbani. Hadithi hiyo iko kwenye Sahih Muslim, mkusanyo wa hadithi. Mke wangu alisema mtu mkweli kiasi hicho, jina lake analitaka ndani ya nyumba.

Mzee wako akikaza, ana hoja, usimdharau. Ipo hadithi sahihi inayomfananisha mnafiki asiyesoma Qur'ani na handhala: hana harufu na ladha yake chungu. Ipo na nyingine inayotaja Harb na Murra kuwa majina mabaya zaidi. Ila mwambie na hili: Mtume alikuwa akibadilisha majina asiyoyapenda. Mwanamke aitwaye Asiya, kwa maana ya mwasi, alimgeuza Jamila. Hazn, ugumu, alimtaka awe Sahl, mwenyewe akakataa. Kina Handhala walikuwa mbele ya macho yake, mmoja anamwandikia, na aliwaacha na jina lao. Mimi si sheikh, ila hilo ndilo lililonituliza.

Vijana wa leo wengi wanalijua kwa njia nyingine kabisa: Handala, mtoto wa vibonzo wa Mpalestina Naji al-Ali. Mchoraji huyu alikimbizwa kijijini kwao al-Shajara mwaka 1948 akiwa na miaka kama kumi, akakulia kambi ya Ain al-Hilweh, Lebanon. Mwaka 1969, kwenye gazeti moja la Kuwait, akamchora mtoto wa miaka kumi, peku, nywele timtim kama miiba, baadaye akamgeuza atupe mgongo, mikono nyuma. Jina alilitoa kwenye lile tunda kusudi, kwa uchungu wake, na kwa kuwa mmea wenyewe ukikatwa huchipua tena. Al-Ali alipigwa risasi London Julai 1987, akafa mwezi uliofuata. Mwaka 2025 meli iliyokuwa ikipeleka misaada Gaza iliitwa Handala, na mwanangu akarudi shule siku hiyo kifua mbele.

Kuhusu wingi wake: Pakistan na India utawakuta wengi, wanaandika Hanzala. Huku pwani ni wa kuhesabu. Watu watakuuliza kama ni jina la kike kwa vile linaishia na "a". Waambie Hamza, Talha na Usama nao wanaishia hivyo hivyo. Waarabu hukaza mwanzoni, HAN-dhala. Sisi ulimi wetu unakaza katikati, na mtoto anaitika kote.

Palipoingia taabu kwangu ni kwenye maandishi. Kadi ya kliniki iliandikwa Hanzala, cheti cha kuzaliwa kikatoka Handala, nikahangaika miezi mitatu kukirekebisha kiwe Handhala. Shule wakaandika Hamzala. Mwaka juzi tiketi ya ndege ilikatwa Hanzala na pasi inasema Handhala; tulisimamishwa dirishani mpaka nikalipia kubadilisha herufi mbili, mtoto amekalia begi ananiuliza amefanya kosa gani. Kwa hiyo shemeji akitaka Hanzala, iwe Hanzala, lakini andika mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi na umpe karani, usimtamkie.

Na habari ya tunda usiitoe kabla ya akika, karamu ya kuzaliwa mtoto. Mimi niliitoa. Bibi yangu alikula pilau kimya mpaka sahani ikaisha, akanawa, akasema, "Mmemwita mtoto shubiri." Mpaka leo anamwita Shubiri, na akichelewa kwenda kumsalimia Ijumaa, simu inapigwa.