Pesa za kuonyesha ndizo pesa za kula

Juzi simu yangu ililia hapa Edmonton, mkoa wa Alberta, Kanada, saa nne usiku, ambayo Mombasa ni asubuhi. Alikuwa mwenzangu tuliyefundisha naye shule moja Kisauni. Mumewe ni muuguzi kama wangu, nao wameanza mipango ya kuja Kanada na watoto wawili. "Mwalimu," akaniambia, "kuna mtu yuko tayari kutuwekea pesa kwenye akaunti kwa miezi sita. Tutamlipa chake, na visa zikitoka anachukua pesa zake. Wenzetu wamefanya hivyo. Wewe waonaje?"

Nilimwomba asikubali. Tukazungumza mpaka chai yangu ikapoa, na baada ya kukata simu nikaona niandike, kwa sababu najua si yeye peke yake aliyeletewa biashara hiyo.

Anayeomba ukaazi wa kudumu kupitia Express Entry, mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, akiwa nje ya Kanada, bila mwajiri aliyekwisha kumwandikia kazi, hutakiwa athibitishe kwamba ana pesa za kumkimu yeye na familia yake. Mwaka 2023 familia ya watu wanne ilitakiwa kuwa na dola za Kanada 25,564. Mwaka 2024 kiwango kikawa 27,297, na 2025 kikawa 28,362. Pesa hizo si ada. Hakuna anayezichukua. Zinabaki zako, kwenye akaunti yako, ila benki iandike barua inayoonyesha salio la sasa, wastani wa miezi sita iliyopita, na madeni yako. Haziwezi kuwa za kukopa. Hati ya shamba haihesabiki, hata likiwa shamba la ekari kumi.

Hapo ndipo Wakenya wengi tunapokwama, kwa sababu sisi mambo makubwa tumezoea kuyafanya kwa mkopo wa sacco au kwa zamu ya chama. Nyumba hujengwa hivyo, na karo hulipwa hivyo. Hapa njia hiyo imefungwa, na mtu akishajua imefungwa, anayekuja na pesa za kukodisha huonekana kama mwokozi.

Ukibainika umedanganya, sheria yao inakufungia mlango miaka mitano. Lakini mimi sikumwambia mwenzangu habari ya kubainika kwanza. Nilimwuliza: tuseme mmepita, hakuna aliyejua. Mnatua Januari na watoto wawili, mwenye pesa amekwishachukua pesa zake, na kile kilichokuwa akiba yenu mmemlipa yeye. Mtalala wapi? Akanyamaza.

Maana kiwango kile hakikuwekwa kuwasumbua watu. Ni chakula, kodi na viatu vya watoto vya miezi ile ambayo hakuna kazi.

Sisi tulichukua karibu miaka mitatu kuzitafuta. Tuliuza gari tukahifadhi mkataba wa mauzo, kwa kuwa nilijua pesa nyingi zikiingia kwa mkupuo wataulizia zimetoka wapi. Dada yangu alitupa laki moja na nusu, tukamwandikisha barua kwamba ni zawadi na haidai tena. Aliisaini mbele ya wakili, akicheka kwamba ndugu wa tumbo moja tunaandikiana karatasi. Barua ile iliulizwa kweli.

Daftari letu la hesabu lilikuwa na kosa moja kubwa, nalo ni kwamba liliandikwa kwa shilingi. Januari 2023 dola ya Kanada ilikuwa kama shilingi 92, kwa hiyo nikaandika lengo letu juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu: milioni mbili na laki nne. Tukajibana. Mume wangu alipata mwaliko wa kuomba ukaazi Oktoba 2023, katika mchujo wa wahudumu wa afya, na ukishapata mwaliko una siku 60 za kuwasilisha maombi. Desemba ile dola ilikuwa imefika kama shilingi 115. Kiasi kilekile cha dola 25,564 sasa kilitaka shilingi milioni mbili na laki tisa na ushei. Zaidi ya nusu milioni, na hakuna chochote tulichokuwa tumenunua. Nakumbuka mume wangu alikaa kwenye ngazi za nje na daftari mapajani, akipiga hesabu ileile kwa simu mara tatu kama aliyetarajia ya tatu itoke tofauti. Tuliuza kiwanja cha Mtwapa kwa haraka, na kinachouzwa kwa haraka hakipati bei yake.

Kisha Februari 2024, serikali ya Kenya ilipopata mkopo mpya wa nje wa Eurobond na hofu ya deni lililotakiwa kulipwa Juni ikapungua, shilingi ikarudi na nguvu ndani ya wiki chache. Kwa hiyo sikwambii ukimbilie dola zote siku moja, kwani walionunua Januari 2024 waliumia vilevile. Ninachokwambia ni hiki: andika bajeti kwa dola tangu ukurasa wa kwanza, fungua akaunti ya dola benki yako, na kila mwezi badilisha kile ulichopata mwezi huo. Tungefanya hivyo tangu 2021, kiwanja kile kingekuwa chetu hadi leo.

Jambo la pili ambalo daftari halikulijua: pesa za kuonyesha haziguswi. Lazima ziwepo siku unapoomba na ziwepo bado siku wanapotoa visa. Sisi tuliomba Desemba 2023, jibu likaja Septemba 2024. Miezi tisa yote ile kuna gharama zinazoita, na huwezi kuchota humo. Kwa hiyo unahitaji mfuko mwingine kabisa. Kwetu mfuko huo ulilipa mtihani wa Kiingereza na ukaguzi wa vyeti, ada za maombi, dola 1,365 kwa kila mtu mzima na 230 kwa kila mtoto, na 170 za alama za vidole za familia. Ada hizo na alama za vidole peke yake zilikuwa karibu laki nne. Tarehe 30 Aprili 2024 zilipanda zikawa dola 1,525 na 260, na zimekuwa zikiongezwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo tazama za mwaka wako. Ongeza pasipoti za watoto, cheti cha tabia njema, vipimo kwa daktari waliomteua wao, na safari za Nairobi. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza huisha baada ya miaka miwili. Kuna jirani yetu aliurudia na kuulipia tena kwa sababu alifanya mapema mno.

Vipimo vya afya navyo vina lao. Muda wa kuingia Kanada hufuata muda wa vipimo, yaani mwaka mmoja. Sisi tulipimwa Januari 2024, basi hata visa zilipotoka Septemba, hatukuwa na hiari ya kungoja hadi Mei. Tuliingia Edmonton mwanzoni mwa Januari 2025, katikati ya baridi, tiketi zikiwa bado za bei ya sikukuu. Ukipimwa, hesabu miezi 12 mbele uone itaangukia wapi, na uweke kwenye bajeti.

Kuhusu baridi nina ombi. Usinunue nguo za baridi Mombasa. Mimi nilizunguka Kongowea siku mbili nikachagua makoti manne mazito ya mitumba, nikayafua, nikayaanika, nikajiona mama mwenye mipango. Yalichukua sanduku zima. Februari, nyuzi 25 chini ya sifuri, tulikuwa tumesimama kituo cha basi, na binti yangu wa miaka minne akaacha kulia. Alipokuwa analia sikuwa na wasiwasi sana. Alipoacha, nikamvua glavu nikakuta ncha za vidole zimekuwa nyeupe kama chaki. Mama mmoja Msomali akavua glavu zake mwenyewe akamvisha, akanielekeza duka la mitumba lililo karibu. Koti la kweli la mtoto, suruali ya theluji na buti nilivipata humo kwa dola 60. Njooni na sweta na koti moja jepesi kila mtu, na sanduku hilo jazeni vitu vingine. Ila dola 500 za nguo zitengeni, na zitumieni wiki ya kwanza, si ya sita.

Kitu cha kufanya kabla ya kuondoka ni meno na macho. Alberta hukupa bima ya afya ya serikali bila malipo tangu siku unapofika, ukijiandikisha ndani ya miezi mitatu. Lakini bima hiyo haigusi miwani ya mtu mzima, wala dawa za duka la dawa, wala kuziba jino kwa kawaida. Mume wangu aliziba jino lake Mombasa kwa bei ambayo hapa isingetosha hata kuangaliwa.

Sasa mwezi wa kwanza wenyewe. Tulilala wiki mbili nyumba ya kupanga kwa siku, kwa sababu sikutaka kutuma amana ya nyumba ambayo hakuna anayenijua aliyeingia ndani yake, na nashukuru, kwani moja ya nyumba tulizotumiwa picha tulipokwenda kuitafuta hatukukuta mlango wa namba ile. Nyumba tuliyopata ilikuwa dola 1,550 kwa mwezi, na amana ya mwezi mmoja, ambayo ndiyo kikomo cha sheria ya Alberta. Mwenye nyumba alitaka barua ya kazi na historia ya mikopo, nasi hatukuwa na kimoja. Kilichotusaidia ni taarifa ya benki, zilezile pesa za kuonyesha. Magodoro, sufuria, chakula, simu, basi. Mwezi huo mmoja ulikula karibu dola 6,800. Miezi iliyofuata ilikuwa kama 3,300 kila mmoja.

Na kazi haikuja upesi. Kuchaguliwa kwa sababu wewe ni muuguzi hakukupi leseni ya uuguzi, kwa kuwa leseni hutolewa na chombo cha mkoa, kina ada zake, mitihani yake na foleni yake. Mume wangu alianza mwezi wa tatu kuwahudumia wazee kwenye makao yao, zamu za usiku, huku akisomea mtihani. Mimi cheti changu cha ualimu bado kinakaguliwa. Posho ya watoto ya serikali, ambayo mwaka ule kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,787 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka sita na 6,570 kwa wa miaka sita hadi 17, ilitufikia mwezi wa nne pamoja na malimbikizo. Peleka fomu wiki unayofika, lakini usiiweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba. Andika miezi sita bila mapato. Ikiwa mitatu, mshukuru Mungu.

Kuna mstari mmoja ambao sikuuona kwenye bajeti yoyote niliyosoma, nao ni nyumbani. Kila mwezi tulikuwa tunamtumia mama mkwe Wundanyi dawa zake za presha na pesa za kibarua wa shamba, na mama yangu Likoni tulimlipia stima na maji. Wiki tatu kabla ya safari tulikwenda Taita kwa mama mkwe, tukakaa naye jikoni, mume wangu akamwambia wazi: "Mama, miezi sita hatutatuma kitu. Si kwamba tumewasahau." Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mama akaendelea kuchambua maharagwe, kisha akasema, "Basi niachieni dawa za miezi sita. Mengine nitaona mwenyewe." Tukanunua dawa, tukamlipa kibarua hadi Juni. Kwa mama yangu tukafanya hivyohivyo. Ilikuwa kama dola 700 kwa pande zote mbili, na kwa pesa hizo hakuna simu iliyolia Edmonton ikiwa na lawama ndani yake. Naona watu wanaotua na kuanza kutuma wiki ya pili kwa aibu ya kukataa, na Machi wanakopa kwa kadi.

Mwisho tulitenga dola 2,500 kwenye akaunti ya peke yake, nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi. Hatukuiandika jina kwenye daftari kwa sababu hatukutaka kuliandika. Usiku wa Mei tulipigiwa simu kwamba baba mdogo wa mume wangu, aliyemlipia chuo cha uuguzi, amefariki. Asubuhi tulikata tiketi. Alifika Voi Alhamisi, akapanda matatu ya Wundanyi, akamzika Jumamosi.

Sasa tunaijaza tena akaunti ile, dola 100 kila mwezi. Mwenzangu wa Kisauni naye amenitumia picha jana. Ni ukurasa wa daftari jipya, na safu ya kwanza ameiandika kwa dola.