Samaki 60 na ukurasa wa matanzia: nilivyojifunza kukausha rangi

Jumatatu iliyopita nilikabidhi samaki 120 wa mbao, wale wadogo wa kuning'inizia funguo, siku mbili kabla ya tarehe niliyoahidi. Mpokeaji alimchukua mmoja, akamkandamiza tumbo kwa kidole gumba, akakitazama kidole chake, kisha akamrudisha boksini bila neno. Hakujua amenipa zawadi gani. Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Kondele, boda zinanipigia honi, nami nacheka peke yangu kama niliyeokota pesa.

Jioni hiyo nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja wa Nakuru: "Dada, nina oda ya visanduku 30 vya hereni, mteja anavitaka Ijumaa na rangi bado inanata. Nitumie blodraya ya nywele?"

Nilimjibu kwa mkato. Kisha nikakaa na simu mkononi, maana swali hilo nalijua. Nililiuliza mwenyewe Aprili 2023, saa nane za usiku, hapa Kisumu, na hakukuwa na wa kunijibu.

Oda ilikuwa samaki 60 wa harusi, shilingi 150 kila mmoja. Nililipwa nusu mapema, yaani 4,500, na nikapewa wiki tatu. Wiki mbili za kwanza sina la kuzisimulia. Ya tatu nikakimbilia mbao karibu na soko la Kibuye, nikanunua saiprasi iliyopasuliwa juzi, bado nzito kwa maji. Nilikata, nikapiga msasa harakaharaka, na Alhamisi alasiri nikawapaka rangi ya mafuta ya buluu, mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, mzito, ili nisirudie. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Mvua ikaanza kabla sijaosha brashi. Nikawapanga samaki kwenye sinia dirishani, nikaacha taa ikiwaka juu yao nikidhani joto la balbu litasaidia. Mnaoishi kando ya ziwa mmeshajua kilichofuata. Sami waliingia, wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, wakaifuata taa. Asubuhi kila samaki alikuwa na manyoya. Niliwachomoa kwa sindano, mmoja baada ya mwingine, mpaka macho yakaanza kuona mawili mawili.

Bado ilinata. Nikawasha jiko la makaa ndani ya chumba, nikafunga dirisha ili joto lisitoroke. (Usijaribu. Mama jirani ndiye aliyefungua mlango na kunivuta nje, kichwa kikigonga kama ngoma, na mpaka leo huniuliza kama bado "napika samaki".) Kilichoongezeka ni majivu. Nikaenda saluni ya chini kuazima blodraya, nikaiweka kwenye moto wa juu kabisa, karibu kama napiga pasi. Rangi ikatoa malengelenge. Nikaona bora nifunike aibu kwa vanishi ya NC, ile ya mafundi wa fanicha inayokauka ukiitazama. Kumbe thina yake kali, kile kiyeyusho chake, iligeukia rangi ambayo haijakomaa, ikaikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Na kwa vile hewa ilijaa unyevu wa mvua, palipokubali vanishi paligeuka peupe, ukungu mtupu.

Juu nilihisi kavu, nikawafunga kwenye gazeti, nikapanda matatu.

Kanisani walipofunguliwa, gazeti lilikuwa limegandana nao. Watu walibandua wanavyoweza. Shangazi wa bi harusi akamgeuza samaki wake, na pale tumboni pamebaki kipande cha ukurasa wa matanzia, picha ya mzee na maneno "tunasikitika kutangaza". Akauliza mbele ya watu wote, "Nani ametuletea matanga kwenye harusi?" Watu walicheka. Bi harusi hakucheka. Ile nusu ya pili sikulipwa na sikuidai, lakini nitasema kweli, bado huniuma, na si kwa sababu ya pesa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja anayepaka vitanda na makabati Kibuye. Nilimpelekea samaki yule wa matanzia, akanusa, akasema, "Nyathina (mwanangu), hii haijaanikwa vibaya. Wewe ulidhani ni nguo. Nguo hutoa maji. Rangi ya mafuta inakula hewa."

Hapo ndipo penyewe. Rangi ya maji hukauka maji yakitoka, basi unyevu ukijaa hewani maji hayana pa kwenda. Rangi ya mafuta kwanza hutoa thina, kisha mafuta yake hushikana na oksijeni na kugeuka kigumu, polepole, kuanzia juu kwenda ndani. Ukiipaka nzito, ngozi ya juu hufunga na kuiacha ya chini mbichi, haipati hewa. Moto hausaidii ngozi iliyofungwa, huichemsha tu. Ndiyo maana juu nilihisi kavu, nikifunga inanata.

Sasa hufanya hivi. Nanunua mbao zilizokaa, na nikizileta huziacha ndani wiki kadhaa kabla ya msumeno kuzigusa. Napaka asubuhi, kwa sababu mvua zetu hupenda alasiri. Kwa kazi ndogo nimehamia rangi ya maji karibu moja kwa moja. Napaka nyembamba, naacha saa moja siku kavu na mbili au tatu msimu wa mvua, nagusa kwa msasa laini, napaka nyembamba tena. Mikono mitatu myembamba hukauka kabla ya mmoja mzito. Samaki wana tundu, basi huwaning'iniza kwenye waya wapate hewa pande zote. Visanduku huvikalisha juu ya ncha za misumari iliyopigwa kwenye ubao. Feni huigeuzia ukuta kidogo ili hewa itembee bila kuwapulizia vumbi. Jua kali la moja kwa moja hapana, litapinda mbao na kutoa utomvu kwenye vifundo.

Na blodraya? Ndiyo, kwa rangi ya maji, moto wa chini, urefu wa mkono, ukiitembeza. Kwa vanishi au rangi yenye thina, kamwe, mvuke wake unashika moto. Kwenu Nakuru asubuhi huwa na baridi kali, subirini joto lipande, maana rangi ya maji haipendi chini ya nyuzi 10.

Nyembamba, na hewa. Nikiulizwa tena kesho nitajibu hivyohivyo.

Lakini ndugu zangu, tuambiane ukweli. Wengi mnaoniandikia hamna shida ya rangi. Mnataka kuacha kazi za watu, mfungue karakana, mpige picha ya bidhaa juu ya kitambaa cheupe, na oda ikija mnahesabu siku za kukata na kupaka, mnasahau siku za kukaa tu. Kukaa ni kazi. Mimi sasa nikisema wiki tatu, ya mwisho nzima ni ya rangi kukomaa, sigusi kitu, na mteja akibisha namwambia aende kwa mwingine. Wawili wameenda. Mmoja alirudi. Msinung'unike mteja ana haraka. Haraka ilikuwa yangu, nililala wiki mbili nikataka balbu inilipie deni.

Msomaji wa Nakuru amenijibu leo asubuhi: amemwomba mteja wake mpaka Jumatano, mteja amekubali, ila visanduku viwili tayari vilishatoa malengelenge. Nimemwambia akwangue mpaka mbao ionekane, asijaribu kufunika.

Wale wengine wa harusi sijui waliishia wapi. Yule niliyempelekea mzee ninaye bado, amebeba ufunguo wa karakana. Mgongo umeng'aa kwa kushikwa, na tumboni, ukimgeuza, bado unasoma "tunasikitika".