Pasipoti ya Uingereza, maisha ya Ufaransa: jibu kwa mtoto wa kaka yangu

Mwanangu, umeniuliza kwenye kundi la familia, mbele ya watu wote: "Shangazi, sasa nina pasipoti ya Uingereza, si naweza kuja Ufaransa nikaishi kwako na kuendelea na uuguzi wangu?" Baba yako akadakia kutoka Kisauni kwamba Ulaya yote ni moja, mipaka wamewekewa Waafrika tu. Dada zangu nao wakarudi kwenye swali lao la kila mwaka: kama Uingereza tumeiacha, mbona hatukurudi nyumbani? Nawajibu wote hapa kwa maandishi, kwa sababu najua vijana wengi wa kwetu walioko Leeds na Leicester wana mawazo kama yako, na wengine wameshaanza kuangalia nyumba.

Kwako jibu ni hapana. Pasipoti hiyo itakuingiza Ufaransa ukiwa mgeni. Haitakukalisha.

Kila kitu kinategemea tarehe 31 Desemba 2020. Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, lakini miezi 11 iliyofuata ilikuwa ya mpito na haki za zamani ziliendelea. Mwingereza aliyekuwa anaishi hapa kihalali kabla mwaka ule haujaisha alilindwa na mkataba wa kujitoa. Mimi na mume wangu tulihamia huku Dordogne 2018, kwa hiyo tulipata kadi ya ukaazi bila malipo, kwanza ya miaka 5, halafu ya miaka 10. Kwa kadi hiyo tunakaa, tunaruhusiwa kufanya kazi, tunatibiwa. Aliyefika Januari 2021 anahesabiwa mtu wa nje kama Mkenya au Mbrazili. Tofauti yake na baba yako ni kwamba kwa matembezi mafupi yeye haombi viza.

Matembezi mafupi maana yake ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu ni ya nchi zote za Schengen pamoja, yaani zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Ukikaa wiki mbili Uhispania, umezila kwenye zile zile 90. Majirani zetu, mume na mke kutoka Kent, wana nyumba nzuri ya mawe hapa kijijini waliyoinunua wakiwa bado kazini, wakisubiri kustaafu. Walistaafu baada ya ile tarehe. Jikoni kwao, pembeni ya friji, wametundika kalenda ambayo mama anaizungushia kalamu nyekundu siku ya kuingia na siku ya kutoka, na katikati anahesabu kwa kidole. Nyumba ni yao, kodi ya nyumba wanalipa, miti ya matunda wameipanda wenyewe, lakini siku zikiisha wanafunga madirisha na kwenda kupanda feri. Zamani afisa aliyechoka aliweza kupitiwa na muhuri. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha, na siku zinahesabiwa na kompyuta. Naumia nikiwaona, kwa sababu sisi na wao tunanunua mkate kwenye duka moja.

Wangeweza kuomba viza ya muda mrefu ya mgeni asiyefanya kazi. Wapo wanaoipata, tena wengi. Unaonyesha kipato kisichopungua kima cha chini cha mshahara wa Ufaransa, ambacho ni zaidi kidogo ya euro 1,400 kwa mwezi baada ya makato, bima ya matibabu ya mwaka mzima, mahali pa kukaa, na unaahidi kwa maandishi kwamba hutafanya kazi. Ukishafika unaithibitisha mtandaoni ndani ya miezi 3, kisha kila mwaka unarudi kuomba upya. Hiyo ni njia ya mstaafu mwenye akiba. Wewe una miaka thelathini na kitu, na mama yako anakutegemea. Ahadi ya kutofanya kazi utaiweka vipi?

Sasa uuguzi wenyewe, maana hapa ndipo sitaki mtu akudanganye. Enzi za Umoja wa Ulaya, cheti cha muuguzi aliyesomea Uingereza kilitambuliwa Ufaransa bila vita kubwa. Sasa hakitambuliwi hivyo. Muuguzi mwenye cheti cha nje ya Umoja wa Ulaya anarudishwa kwenye chuo cha uuguzi cha Kifaransa, anasamehewa baadhi ya masomo, na anasoma kwa Kifaransa na wanafunzi waliotoka sekondari juzi. Mimi nilifanya kazi wodini Leicester hadi miguu ikagoma, najua ulivyolipigania daraja ulilo nalo. Kuliacha uje kuanza upya ni uamuzi mzito, na kama utaufanya, ufanye ukiwa tayari unaongea Kifaransa, si kwa kutegemea kwamba utakiokota ukifika.

Hayo ndiyo ya kuingia. Kuishi ni jambo jingine, na mengi yake ni makaratasi. Kila mlango utakaobisha utaombwa uthibitisho wa makazi, mara nyingi bili ya umeme isiyozidi miezi 3. Kufungua akaunti ya benki wanataka bili. Kupata bili ya umeme, kampuni inataka akaunti ya benki ya kukatia. Mtu mgeni huzunguka hapo mpaka kichwa kimuume. Cheti cha kuzaliwa cha Mombasa kilinibidi nikipeleke kwa mtafsiri aliyeapishwa mahakamani, na kwa shughuli nyingi wanataka nakala iliyotolewa karibuni, hata kama wewe umezaliwa mara moja tu miaka hamsini iliyopita. Nina faili la bluu lenye mifuko ya plastiki. Ndani yake mna kila barua tangu tuhamie. Ukivunja mkataba wa kitu kikubwa, andika barua na uitume posta kwa rejista, upate ile karatasi yenye saini ya mpokeaji. Neno la simu halikulindi.

Matibabu ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuipenda nchi hii, na naitetea kwa nguvu zote. Mtu akishakaa kihalali miezi 3 anaweza kuomba kuingizwa kwenye bima ya umma, na mwisho wa safari hiyo anapewa kadi ya kijani, carte Vitale, yenye picha yake. Safari yenyewe inaweza kuchukua miezi mingi. Nikienda kwa daktari wangu, naye mwenyewe anakuja kuniita pale kwenye viti, kadi anaichomeka kwenye kimashine mezani, nalipa euro 30, na baada ya siku chache euro 19 zimerudi benki: asilimia 70, kasoro euro 2 ambazo kila mgonjwa anaziacha. Sehemu iliyobaki hulipwa na bima ya nyongeza, ambayo unainunua mwenyewe, isipokuwa zile euro 2. Lakini lazima umsajili daktari mmoja awe wako. Usipofanya hivyo, wanakurudishia asilimia 30 tu. Na vijijini kumpata daktari anayepokea wagonjwa wapya ni kazi: wazee wanastaafu, vijana hawataki kuja. Mume wangu, kwa kuwa anapokea pensheni ya serikali ya Uingereza, matibabu yake yanagharamiwa na Uingereza kupitia fomu inayoitwa S1. Waliostaafu huko na kuhamia huku bado wanaipata, hata baada ya kujitoa. Namba za dharura zishike kabla ya kuzihitaji: 15 kwa daktari wa dharura, 18 kwa zimamoto, 112 popote Ulaya.

Kodi nayo. Mshahara wa hapa unakatwa kodi moja kwa moja tangu 2019, lakini bado kila mkazi anajaza fomu kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, na anaorodhesha mapato yake ya dunia nzima. Kuna mkataba kati ya nchi hizi mbili wa kuzuia mtu kutozwa mara mbili, ila kutotozwa hakukuondolei wajibu wa kutaja. Akaunti zote za benki zilizo nje unazitaja, hata ile yangu ya Mombasa ambayo haina kitu cha maana. Faini ya kuficha moja ni euro 1,500. Wako wenzetu wanaotuma pesa nyumbani kupitia akaunti za zamani na hawajui hili.

Nyumba huku ni nafuu kuliko Uingereza, ni kweli, na ndiyo iliyotuleta. Lakini usisahau kwamba mnunuzi wa nyumba ya zamani huongeza kama asilimia 7 hadi 8 ya bei, ambazo ni ada ya mthibitishaji, yule ofisa wa sheria anayesimamia mauzo, pamoja na kodi. Vijijini nyumba nyingi hazina bomba la majitaka la umma, kuna shimo uani, na siku ya kuuza lazima liwe limekaguliwa na halmashauri. Likionekana bovu, mnunuzi ana mwaka mmoja wa kulitengeneza, na hizo ni maelfu ya euro. Ukishaweka saini mkataba wa awali una siku 10 za kubadili mawazo. Zitumie kusoma ripoti ya shimo.

Baridi ya hapa baba yako haiamini, kwa sababu picha ninazotuma ni za alizeti. Januari asubuhi kioo cha gari kimeganda, na joto la nyumba ya mawe linatokana na kuni za mwaloni ulizozipanga wewe mwenyewe tangu kiangazi ili zikauke.

Gari linaenda kulia. Sisi tuliojifunzia Mombasa na kuendelea Uingereza tumezoea kushoto maisha yote, na hatari haiko barabara kuu yenye magari mengi ya kuyafuata. Iko asubuhi, unapotoka peke yako uani kwako. Pia katika vijiji vingi, pasipo na alama, anayetokea kulia ndiye anayepita kwanza, hata kama ametoka kwenye kichochoro. Leseni ya Uingereza iliyotolewa kabla ya 2021 wanaikubali mpaka iishe. Iliyotolewa baadaye unaibadilisha ndani ya mwaka wa kwanza wa kukaa.

Kuhusu watu, mnaniuliza sana kama ni wabaguzi. Nimekutana na wabaya, na nimekutana na wema wengi zaidi. Ila salamu ndiyo ufunguo. Ukiingia dukani, kwa daktari, ofisi ya meya, unasalimia kwanza, watu wote waliomo, halafu ndipo unasema shida yako. Nimewaona Waingereza wakianza na swali na kupewa mgongo, kisha wakalalamika kwamba Wafaransa wana kiburi. Mtu aliyelelewa Pwani hana haja ya kufundishwa hili. Saa sita mpaka saa nane mchana karibu kila kitu kimefungwa, watu wanakula wamekaa, na Jumapili usitegemee duka. Muhogo, bamia na ndizi za kupika nazifuata Bordeaux, soko la Capucins, na siku nikifika Paris nakwenda Château Rouge. Upweke upo, siufichi. Kukiwa na msiba nyumbani, kutoka Bordeaux hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Nairobi, na mara mbili tatu mmezika kabla sijafika. Hilo halina dawa.

Dada zangu, lenu la kurudi nyumbani nalijibu kwa hesabu. Pensheni ya serikali ya Uingereza huongezwa kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Uingereza, na vilevile kwa anayeishi Ufaransa. Kwa anayeishi Kenya au Tanzania haiongezwi. Kiasi alichoanza nacho huko ndicho atakachopokea hadi kufa, bei zipande zisipande. Watu waliolipa michango ile ile, wodi ile ile, miaka ile ile, wanatofautishwa kwa mahali walipoamua kuzeekea. Ni dhuluma, na inawakuta wengi wa kwetu waliofanya kazi Uingereza ujana wao wote, nayo hailii kwa sauti kwa sababu wanaoumia ni wazee walioko mbali. Mimi nyumbani nitakuja kukaa miezi ya baridi. Kuhamisha makazi, hapana, si kwa sasa.

Kwa hiyo, mwanangu, baki Leeds na kazi yako, anza darasa la Kifaransa jioni kama moyo wako uko huku kweli, na uliza ukoo wa mchumba wako: kama ana bibi aliyezaliwa Ireland, anaweza kuomba uraia wa Ireland, na mlango ukafunguka kwenu kwa njia nyingine kabisa. Majirani wengi wa Kiingereza wamepita hapo. Kutembea unakaribishwa muda wowote. Mpakani wanaweza kukuuliza unalala wapi, kwa hiyo nitumie namba ya pasipoti na tarehe zako mapema, niende ofisi ya meya kuchukua hati ya kukukaribisha; stempu yake ni euro 30, hiyo nitalipa mimi. Baba yako naye aniambie kama anakuja, kwa sababu yeye viza yake ataiombea Nairobi na hati hiyo hiyo ataihitaji. Njooni na majani ya chai ya Kericho. Nyama na maziwa, hata jibini ya ndani ya mkate, msibebe kutoka Uingereza, wanavichukua forodhani.