Kwa anayeuliza kama ukutubi bado ni kazi ya kuanza nayo maisha

Mdogo wangu, umeuliza kama ni busara kuingia katika ukutubi wakati huu ambapo wanafunzi wanauliza simu kila kitu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa hapa Lubumbashi, katika maktaba ya taasisi moja ya elimu ya juu, na jibu langu ni ndiyo, mradi usikubali kugeuzwa mlinzi wa rafu.

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja aliniletea orodha ya vitabu kumi na vinne kuhusu kambi za wafanyakazi wa migodini, aliyopewa na programu ya akili unde. Tulivitafuta pamoja asubuhi nzima, na vitano hatukuviona popote, ingawa majina ya waandishi na miaka ya kuchapishwa yalikuwa yamepangwa kwa unadhifu. Niliumia, kwa sababu alikuwa amekwisha kuvinukuu katika sura ya kwanza.

Tukaenda kwenye tasnifu za zamani, zile zilizopigwa taipu na ambazo hazijawahi kuingia kwenye intaneti. Hapo ndipo mkutubi anapohitajika, kwa kuwa katika nchi yetu majina yamebadilika mno. Mji huu uliitwa Élisabethville hadi 1966. Katanga ikaitwa Shaba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1997, kisha mwaka 2015 ikagawanywa kuwa mikoa minne, mmojawapo Haut-Katanga, ulio na mji huu. Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, ilitaifishwa mwaka 1967, na migodi yake ikaja kuwa ya Gécamines, kampuni ya serikali. Chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, kilichoanza mwaka 1956, kiliunganishwa na vingine kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa mwaka 1971, kikarudi kujitegemea mwaka 1981. Kwa hiyo anayetafuta “Haut-Katanga” hawezi kuifikia tasnifu ya mwaka 1978 kuhusu Kipushi, mji wa migodi karibu na hapa, iliyoandikwa “Shaba” kila ukurasa, isipokuwa kuna mtu aliyeketi akayaunganisha majina hayo katika katalogi. Tulipotafuta kwa majina ya zamani tulipata kazi tatu, na moja ilikuwa na mahojiano na wazee ambao sasa hawapo tena.

Usidhani nakuambia ujifungie na karatasi kuukuu. Jifunze Hinari, mpango wa majarida ya kitaaluma ya afya mtandaoni ulioanzishwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na AGORA ya mwaka 2003 kwa upande wa kilimo: taasisi za Congo zinaruhusiwa kusoma majarida hayo bila malipo, lakini lazima mtu aisajili taasisi na kuwafundisha walimu namna ya kuingia. Mtu huyo awe wewe. Jifunze pia Kiwix, programu ya kusoma bila intaneti, inayokuwezesha kuiweka Wikipedia nzima ya Kifaransa kwenye kompyuta moja, wasomaji wakaifungua kwa simu zao ukumbini bila kununua kifurushi. Umeme ukikatika, betri nzuri inatosha kuendeleza kazi.

Siku ya kwanza kazini, kabla ya kuomba kompyuta, omba uonyeshwe chumba ambamo tasnifu za zamani zimerundikwa pamoja na daftari la kusajilia vitabu. Piga picha kila ukurasa wa daftari hilo siku hiyohiyo, kwa sababu langu nililikuta limekwisha kuchanwa nusu.