Msichana Arudishiwa Hadithi Yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: ipo filamu ya zamani, yenye heshima yake, ambayo ilistahili kutengenezwa upya? Najua wengi watajibu kwamba hakuna, na kwamba kurudia picha ya zamani ni uvivu wa watu waliokosa hadithi mpya. Mara nyingi wana haki. Lakini mimi nitawatajia picha moja ya kauboi ambayo kila nikiitazama nashukuru kwamba kuna watu waliothubutu: *True Grit* ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, iliyotoka Desemba 2010, miaka 41 baada ya ile ya kwanza iliyoongozwa na Henry Hathaway mwaka 1969.

Kisa chenyewe ni kimoja. Mattie Ross, msichana wa miaka 14 kutoka mashambani Arkansas, anafika mji wa Fort Smith kushughulikia maiti ya baba yake, aliyeuawa na kibarua wake mwenyewe, Tom Chaney. Muuaji amevuka mpaka na kuingia ardhi ya Wachoctaw, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, ambako sheria ya mji haimfikii kwa urahisi, wala hakuna mwenye haraka ya kumfuata. Mattie anaulizia ni askari gani wa mahakama aliye mkali kuliko wote. Anaelekezwa kwa Rooster Cogburn, mzee mwenye jicho moja, mlevi, mwepesi wa kufyatua risasi. Anamlipa amsake Chaney, kisha anang'ang'ania kwenda naye. Njiani yupo pia LaBoeuf, askari wa Texas anayemtaka Chaney kwa mauaji mengine.

Mwaka 1969 Rooster aliigizwa na John Wayne, na hapo ndipo mizani ilipolala upande mmoja. Wayne alikuwa mkubwa kuliko hadithi yoyote. Hata huku kwetu alijulikana. Ndiye aliyekuja Tanganyika kuigiza *Hatari!*, iliyotoka mwaka 1962. Mzee wangu, aliyekulia katika enzi za majumba ya sinema, hajawahi kuniambia amemwona Rooster Cogburn. Husema amemwona John Wayne akiwa na kitambaa jichoni. Filamu nzima ilijengwa imtumikie steringi huyo, na ilimlipa vizuri, kwani ndiyo iliyompa tuzo yake pekee ya Oscar.

Sasa, nyuma ya filamu zote mbili ipo riwaya ya Charles Portis iliyochapishwa mwaka 1968. Anayesimulia humo si Rooster. Ni Mattie mwenyewe, akiwa mwanamke mtu mzima asiyeolewa, mkali wa maneno, mcha Mungu, anayekumbuka yaliyompata utotoni. Ndugu wa Coen walikwenda kwenye kitabu badala ya kuigeza filamu ya Wayne. Uamuzi huo ndio uliozaa kila kitu ninachokipenda katika kazi yao.

Tazama inavyoanza. Kioo cheusi, na juu yake nusu ya aya ya Mithali 28:1: "Waovu hukimbia wasipofuatiwa na mtu." Halafu sauti ya mwanamke inaanza kusimulia, na polepole tunaona maiti ya mtu imelala usiku mbele ya nyumba, theluji ikiiangukia. Aya imeachwa hapo katikati. Msomaji wa Biblia anajua inavyomalizika: "bali wenye haki ni wajasiri kama simba." Nusu hiyo ya pili haiandikwi popote. Kwa dakika zote zinazofuata tunamtazama msichana mwenye nywele za kusuka akijiona yeye ndiye mwenye haki, na sisi tunabaki tukijiuliza kama haki yake na kisasi chake ni kitu kimoja.

Kuna tukio moja ambalo ningemwonyesha yeyote anayeona picha za kauboi ni milio ya bunduki tu. Mattie anakwenda kwa mfanyabiashara wa farasi, Stonehill. Marehemu baba yake alinunua kwake farasi wadogo. Sasa binti anataka kumrudishia. Stonehill anakataa, mali ikishauzwa imeuzwa. Mattie anahamia kwenye hoja nyingine: farasi wa baba yake aliibwa na Chaney akiwa katika zizi la Stonehill, chini ya ulinzi wake, kwa hiyo alipwe. Mzee anacheka. Msichana hachekeki. Anamtaja wakili wake, anataja mahakama, anapanda bei, anashuka kidogo, anageuka kama anayeondoka. Waliokulia sokoni wanaujua mchezo huu, na wanajua kuwa mwuzaji ameshashindwa pale anapoanza kulalamika kuhusu afya yake. Anatoa pesa. Kesho yake Mattie anarudi kununua mmoja wa farasi walewale, kwa bei ya chini kuliko aliyomrudishia. Hakuna bastola iliyochomolewa, ila kuanzia hapo tunajua ni nani atakayetufikisha mwisho wa safari.

Hailee Steinfeld, aliyemwigiza Mattie, alikuwa na miaka 13 walipopiga picha hiyo. Kim Darby, Mattie wa 1969, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20, na ingawa aliigiza kwa bidii, macho yetu yalijua kwamba tunamtazama mtu mzima aliyekatwa nywele fupi. Kwa Steinfeld hakuna cha kujilazimisha kuamini. Akivuka mto mkubwa akiwa juu ya farasi anayeogelea, huku wanaume wawili waliotaka kumwacha wakitazama kutoka ng'ambo, ni mtoto kweli yuko majini. Jeff Bridges, aliyempokea Wayne nafasi ya Rooster, alifanya jambo la hekima: hakushindana naye. Alimfanya Rooster mzee anayekoroma maneno, mchafu, mwenye kuchosha kwa porojo zake za safarini, ili msichana apate nafasi.

Halafu kuna gharama. Katika filamu ya 2010 ni Mattie mwenyewe anayempiga Chaney risasi ya mwisho, na msukumo wa bunduki hiyohiyo unamtupa nyuma, ndani ya shimo lenye nyoka. Nyoka anamuuma mkononi. Rooster anampakia juu ya yule farasi aliyemnunua kwa Stonehill na kumkimbiza usiku kucha chini ya nyota, hadi farasi anaanguka, anapigwa risasi huku msichana akipiga kelele, na mzee anambeba mikononi kwa miguu yake mwenyewe. Robo karne baadaye tunamwona Mattie mtu mzima. Mkono mmoja haupo. Anamtafuta Rooster katika maonyesho ya makauboi waliozeeka, na anaambiwa amefariki siku tatu tu zilizopita.

Katika filamu ya Wayne, mkono wa Mattie umefungwa tu na utapona. Rooster anaruka uzio kwa farasi wake, anapunga kofia, muziki unapanda. Aliyekufa ni LaBoeuf. Mzee wangu huipenda sana ile kofia inayopungwa, na sitabishana naye, maana ni mwisho mtamu na mwigizaji wake anaustahili. Milima ya Colorado walikopigia picha inapendeza pia, hata kama Arkansas haifanani nayo. Ila utamu huo ulipatikana kwa kumsamehe Mattie deni ambalo kitabu kilimdai. Coen walimdai, na kwa kumdai walimheshimu zaidi.

Siwezi kuisifu picha hii nikanyamaza kuhusu jambo moja. Mapema, watu watatu wananyongwa hadharani mjini Fort Smith. Wazungu wawili wanaruhusiwa kusema maneno ya mwisho, mmoja anahutubia kwa kirefu. Wa tatu ni mwenyeji wa asili. Anafungua kinywa tu, anavikwa mfuko kichwani. Waongozaji walijua walichokuwa wanatuonyesha, na ni mojawapo ya dakika kali kuliko zote. Lakini safari yote inayofuata inapita katika ardhi ya Wachoctaw, na Wachoctaw wenyewe karibu hawasemi. Kuuonyesha unyamazishaji huo kwa sekunde chache hakukutosha. Siku mtu akikitengeneza kisa hiki kwa mara ya tatu, na aanze na yule wa tatu pale kwenye kitanzi.

Jambo lililoniudhi lilitokea nje ya filamu. Kwenye Oscar za 2011 ilipendekezwa kuwania tuzo 10 na haikupata hata moja. Hilo ni la kawaida, hukumu za tuzo hupita. Lakini Bridges aliwekwa katika kundi la waigizaji wakuu, na Steinfeld, ambaye karibu hakuna tukio asilokuwemo, ambaye sauti ya mhusika wake ndiyo inayoanza na kumaliza hadithi, aliwekwa katika kundi la waigizaji wasaidizi. Anayemtafuta Chaney ni Mattie. Anayelipa ni Mattie. Rooster ni mtu aliyekodiwa.