Viputo vya hewa majini: usichore meshi kabla ya kujua unachotafuta

Unaiga viputo kwa kompyuta, kwa meshi, yaani gridi ya visanduku vidogo (seli) ambamo mtiririko hukokotolewa. Unataka umbo la kiputo kimoja, au kiasi cha hewa iliyomo kwenye tangi zima? Maswali hayo mawili hayakai kwenye meshi moja, na saa nyingi za kompyuta hupotea kwa kuyachanganya.

Chukua kiputo cha milimita 5. Ukitaka kukiona kikibonyea na kuyumba, tumia VOF (Volume of Fluid), njia inayofuata mpaka wa maji na hewa, ambapo kila seli hubeba sehemu ya maji kati ya 0 na 1. Kipenyo kipate seli 20 hivi, yaani milimita 0.25 kila moja. Sanduku la milimita 20 kwa 20 kwa 60 tayari ni seli milioni moja na nusu. Laptopu nzuri italimudu, ila kwa mwendo wa kobe. Sasa jaribu meshi hiyo kwenye silinda ya upana wa sentimita 20 na kimo cha mita 2: seli bilioni 4. Achana nayo, hamia Euler-Euler, ambako maji na hewa huhesabiwa kama vitu viwili vilivyoingiana, na hakuna kiputo kinachochorwa.

Hapa ndipo watu huteleza. Jibu likiwa baya, wanapunguza ukubwa wa seli kama walivyozoea, nalo linazidi kuharibika. Kwenye Euler-Euler seli inapaswa kuwa kubwa kuliko kiputo, walau mara moja na nusu, kwa sababu fomula za ukinzani huchukulia kwamba kasi ya maji iliyo kwenye seli haijavurugwa na kiputo chenyewe.

Fomula nazo zichunguze. Schiller-Naumann ni ya tufe. Kwa milimita 5 itakupa kigezo cha ukinzani cha 0.44, na kiputo kitapanda kwa karibu mita 0.39 kwa sekunde, ilhali cha kweli, ambacho kimebonyea, hupanda kwa takriban 0.24. Hewa itatoka upesi mno na kiasi chake ndani ya maji kitaonekana kidogo. Fomula za Tomiyama au Ishii-Zuber, zinazozingatia kubonyea, zinafaa zaidi. Pia kuna nguvu ya kusukuma kando: katika maji na hewa hugeuza mwelekeo karibu na milimita 5.8. Vidogo hukimbilia ukutani, vikubwa katikati. Ukiweka kigezo kimoja kwa vyote, umekwisha kuamua jibu.

Kwa VOF, kabla ya kuwasha mvutano wa dunia, weka kiputo kimoja kitulie. Presha ndani yake izidi ya nje kwa paskali 58 hivi. Ukipata 29, meshi yako ni bapa, ya vipimo viwili (2D), na ulichonacho ni mcheduara, si kiputo. Ukiona maji yakizunguka mpakani ilhali hakuna kinachoyasukuma, hayo ni makosa ya kukokotoa mvutano wa uso. Kwa seli ya milimita 0.25, hatua ya muda isipite sekunde 0.00013, ukigawa seli nusu, hatua hupungua karibu mara 2.8.

Halafu, kama unafanyia kazi Nairobi, kuna mwinuko wa mji wenyewe. Faili za mfano za programu hizi mara nyingi huja na paskali 101325, presha ya Mombasa ufukweni. Huku juu ni kama 83,000. Chini ya mita 2 za maji presha hufika takriban 102,600, kwa hiyo kiputo kikipanda hadi juu ujazo wake huongezeka karibu robo. Programu inayochukulia hewa kuwa haibanwi, kama interFoam, haitaliona hilo. Na kama kipimo cha maabara kinasoma lita 20 kwa dakika za hali sanifu (yaani kwa presha ya ufukweni), juu ya maji zinatoka lita 24 na kitu, joto likiwa lilelile. Tofauti hiyo watu huisawazisha kwa kuchezea ukinzani, kisha modeli inakataa kwenye tangi la pili.

Stima nayo haina adabu: hifadhi matokeo kila baada ya saa moja ya kukokotoa, na uanzishe upya kutoka hatua ya mwisho, si sifuri.